Zoezi, Zoezi, Zoezi

Kituo cha Ushirikiano wa Kupambana na Maharamia kilikuwa na bendera tisa, saa tisa za ukutani na simu tisa, moja kwa kila nchi iliyotia saini mkataba. Bendera zilipigwa pasi kila Jumatatu. Saa zote zilionyesha wakati uleule, kwa kuwa nchi zote tisa zilikuwa na majira mamoja, lakini hakuna nchi iliyokubali kuchungulia wakati kwenye saa ya jirani. Simu nazo zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea upande wa pili.

Afisa wa zamu aliitwa Kengele. Jina hilo alipewa mwaka wake wa kwanza kazini, siku alipoipigia wizara moja mara arobaini na tatu, tangu asubuhi hadi ofisi zinafungwa, akiomba boti. Mara ya arobaini na tatu mtu akapokea, akamwambia, "Dada, unakera kama kengele ya shule," akakata. Boti haikuja. Jina likabaki.

Hakuwa mkaidi wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa baharia. Kengele alipokuwa na miaka kumi na minne, maharamia waliiteka meli yake, wakamshikilia yeye na wenzake miezi kumi na moja. Alirudi amekonda, mpole kupita kiasi, na tangu siku hiyo alikuwa analala na viatu, kamba zimefungwa kabisa, tayari kuondoka. Mama aligombana naye mwaka mzima kwa ajili ya mashuka, mwisho akanunua mashuka ya kahawia, na suala likaishia hapo. Kengele yeye alikwenda chuo akasoma sheria za bahari, akaziamini kama mtu anavyoamini dawa: zipo, zinaponya, kazi ni kumfikishia mgonjwa.

Na kweli zilikuwa nzuri. Zilisema wazi kwamba maharamia wakikutwa nje ya maji ya nchi yoyote, nchi yoyote inaweza kuwakamata na kuwashtaki. Yoyote. Tatizo ni kwamba nchi zote tisa zililisoma neno hilo na kila moja ikaelewa kuwa ni ile nyingine.

Miezi minne iliyopita, kwa mfano, meli ya mbao ilitekwa. Kengele alituma ujumbe kwa nchi tisa, na kwa siku tatu akapokea jibu moja kutoka pande zote: "Tumepokea. Tunashauriana." Boti ya doria haikuweza kung'oa nanga bila kibali cha waziri. Waziri mmoja alikuwa likizo. Mwingine alitaka barua halisi, si nakala, iletwe kwa mkono. Maharamia walipata nafasi ya kula, kulala na kufua nguo, wakaondoka na walichotaka pamoja na kapteni.

Lakini ilikuwepo siku moja katika mwaka ambapo mambo yote haya yaligeuka, nayo ni siku ya zoezi.

Siku hiyo wageni walialikwa, viti vikavishwa vitambaa, na vibali vyote vikatolewa mapema, mihuri tisa kwenye karatasi moja. Boti ya nchi yoyote iliruhusiwa kuingia maji ya nchi yoyote, kukamata na kuleta watuhumiwa nchi kavu, hadi saa kumi na mbili jioni. Kundi la waigizaji sita liliwekwa kwenye mtumbwi wa injini upande wa kusini, na bunduki za mbao zilizopakwa rangi nyeusi, lisubiri kukamatwa. Boti itakayowahi ingepewa kikombe. Ili dunia isije ikashtuka bure, kila ujumbe wa siku hiyo ulitakiwa kuanza na maneno ZOEZI ZOEZI ZOEZI, na fundi wa kompyuta alikuwa ameyaweka tayari juu ya kila fomu.

Saa saba na dakika hamsini mchana, Mkurugenzi akiwa ukumbini anawaonyesha wageni ramani kubwa kwa kitochi chake chekundu, simu ya Kengele ililia.

"Kituo cha Ushirikiano, zamu. Nakusikia."

"Dada, naongea na mtu au na mashine?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, kama mtu anayenong'ona msibani.

"Mtu. Sema."

"Mimi ni injinia wa meli ya saruji. Tumepandiwa. Wako sita, wana bunduki. Tumejifungia kwenye chumba cha maficho, nyuma ya injini."

"Mko wangapi humo?"

"Kumi na saba. Ngoja." Akasikika anahesabu. "Kumi na wanane. Mpishi alikuwa nyuma ya kabati."

Akampa mahali walipo, upande wa kaskazini, maili arobaini nje ya maji ya nchi yoyote. Kengele akaandika, vidole vinamtangulia, akatuma.

Baada ya dakika mbili jibu la kwanza likaingia: "Tumepokea. Tunaondoka." Likaja la pili. La tatu. Nchi ya sita, ambayo haikuwahi kujibu kitu siku hiyohiyo tangu kituo kifunguliwe, hata salamu za mwaka mpya, iliandika: TUKO NJIANI!

Kengele aliweka kiganja mdomoni. Machozi yalimlenga. Wamebadilika, aliwaza. Jamani, watu hubadilika. Alifurahi hivyo kwa muda wa kama pumzi tatu, kisha akaitazama fomu aliyotuma, na juu yake akakuta yale maneno matatu.

Mkono wake ukaenda kwenye simu ili asahihishe. Ungeandikwa ujumbe wa pili: samahani, hili ni la kweli. Na boti zote zingezima injini, zikarudi bandarini kuomba vibali, na majibu tisa yangerudi kuwa yaleyale. Tunashauriana. Akaondoa mkono kwenye simu kama ameshika sufuria la moto, akaenda kugonga mlango wa Wakili.

Wakili wa kituo alikuwa mzee wa miwani na kalamu ya kijani. Alijulikana kwa kuuchelewesha mkataba miezi miwili akibishana kama chombo kisicho na paa ni meli. Alikutwa anamenya chungwa.

"Wakili, shikamoo. Nina swali la kinadharia."

"Marahaba. Hapa hatuna la aina nyingine, binti."

"Siku ya zoezi, boti ikikutana na maharamia wa kweli, ina haki ya kuwakamata?"

"Nje ya maji ya nchi? Haki inayo leo, kesho, hata siku ya harusi ya nahodha wake. Sheria haijawahi kumkataza mtu. Kinachokataza ni kibali cha kutoka bandarini."

"Na kama imeshatoka?"

Wakili akaacha kumenya. "Kwa kibali gani?"

"Cha zoezi."

"Kibali cha zoezi kinasema boti itakwenda popote itakapoelekezwa na afisa wa zamu. Najua, nimekiandika mimi. Kinaisha saa kumi na mbili." Akamtazama juu ya miwani. "Una jambo la kweli la kuniambia? Maana ukiniambia nitalazimika kulijua, na nikilijua nitalazimika kuziandikia wizara tisa."

Kengele akatazama maganda ya chungwa. "Sina, Wakili."

"Vizuri. Ukitoka funga mlango." Alipofika mlangoni akaitwa tena. "Binti. Watu walioko kwenye boti wasipelekwe kama vipofu. Hiyo sijaiandika popote, lakini hiyo ndiyo sheria."

Boti iliyokuwa karibu zaidi iliongozwa na Kamanda mmoja, mama mtu mzima, aliyeshiriki mazoezi sita na katika maisha yake ya kazi hajawahi kukamata hata mwizi wa kamba. Alipokea simu amechangamka.

"Eeh mwanangu, mbona mmetuhamishia kaskazini? Ramani inasema kusini. Nimewaambia vijana wangu mnatupima akili."

"Kamanda, risasi za kweli mmeziweka wapi?"

"Kwenye sanduku, zimefungiwa kwa kufuli, kama kanuni za zoezi zinavyotaka. Ufunguo ninao shingoni. Unauliza nini?"

"Waigizaji wa mwaka huu wamejiandaa vizuri sana."

Injini ya boti ilisikika inanguruma peke yake.

"Vizuri kiasi gani?"

"Kiasi kwamba ningekuwa wewe ningelifungua hilo sanduku."

Sauti ya Kamanda iliporudi ilikuwa imeshuka, haina utani. "Mwanangu, ukiniambia neno hilo rasmi, kanuni zinanitaka nigeuze nikaombe kibali kipya."

"Sijakuambia rasmi."

"Na mimi sijasikia rasmi. Niko umbali wa saa tatu na ushei. Boti mbili za majirani ziko nyuma yangu, zinataka kikombe. Manahodha wake nitaongea nao mwenyewe, kiutu uzima. Na vijana wangu nitawaambia. Mama zao wananijua."

Ukumbini, wageni walikuwa wameanza kuulizana. Vidoa vitatu kwenye ramani kubwa vilikuwa vinakwenda kaskazini, wakati kitochi cha Mkurugenzi kilikuwa kimeelekezwa kusini.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema mgeni mmoja mwenye daftari, "mbona boti zinakwenda kule?"

Mkurugenzi hakuwa na habari yoyote, lakini hakupata cheo chake kwa kusema hajui. "Adui amebadilisha mbinu," alijibu, akikihamisha kitochi polepole. "Na sisi tumembadilikia." Wageni walipiga makofi. Mgeni mwingine alisimama kabisa pale kidoa cha nchi moja kilipovuka mstari na kuingia maji ya nchi nyingine bila mtu kumwandikia mtu barua.

Makofi yakiendelea, Mkurugenzi akachomoka mbio hadi meza ya zamu. "Kengele! Nani kabadilisha zoezi?"

"Ni la kushtukiza, Mzee."

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Ukiambiwa haliwi la kushtukiza."

Mkurugenzi akalipima hilo. "Lilikuwa wazo langu?"

"Linafanana sana na ya kwako, Mzee."

"Nilijua nimelisikia mahali," alisema, akatengeneza tai, akarudi kwa wageni.

Saa kumi alasiri injinia akapiga tena. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio unaosaga meno.

"Wanakata mlango, dada."

"Mlango ni mnene kiasi gani?"

"Mlango mzuri. Mashine yao ndogo, na diski za kukatia wamenunua za ovyo, nasikia kwa mlio. Zinaisha kabla hazijauma." Alisema kwa dharau ya fundi, na kwa dakika arobaini wakakaa hivyo kwenye simu, yeye akisimulia diski zinavyovunjika, Kengele akitazama kidoa cha Kamanda kinavyosogea kama konokono. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mwembamba na wa uhakika.

"Nini hicho?"

"Wamevunja stoo yangu. Hizo ni diski zetu." Injinia alivuta pumzi. "Hizo ni nzuri. Nilizichagua mwenyewe."

"Zitachukua muda gani?"

"Nusu saa. Pengine chini."

Saa tisa za ukutani zote zilisema saa kumi na dakika arobaini na tisa. Kamanda alikuwa umbali wa dakika arobaini na tisa au zaidi. Kengele alizipiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa hesabu mbaya.

"Injinia, mashine yao inapata umeme wapi?"

"Kwenye jenereta ya dharura. Swichi yake iko huku ndani." Alikuwa ameshaelewa. "Nikizima, mashine inakufa. Lakini feni yetu nayo inakufa, taa inakufa, na simu hii inakufa. Humu ni pembeni ya injini, dada. Watu kumi na wanane gizani, bila hewa. Nikiwaambia wavumilie, wavumilie wakisubiri nini? Boti inakuja kweli?"

Kengele hakuwahi kulijibu swali hilo kwa ndiyo. Miaka mitatu kwenye kiti kile, jibu la kiofisi lilikuwa kwamba juhudi zinaendelea.

"Inakuja."

"Inaahidi ofisi au unaahidi wewe?"

"Naahidi mimi."

"Maana kama ni ofisi, feni naiacha izunguke."

"Injinia, ni mimi. Zima."

Simu ikafa mkononi mwake.

Ukumbini vilipitishwa vinywaji na sambusa. Kengele alikaa na simu isiyo na mtu sikioni. Alimfikiria baba yake, ambaye wakati ule naye alikuwa gizani mahali fulani, na mahali fulani palikuwa na chumba cha bendera kama hiki, kimepigwa pasi, na mtu wa zamu anayeandika kwamba amepokea. Vidoa vitatu vilisogea. Saa kumi na moja na robo. Na nusu. Hakuwahi kujua kwamba saa tisa zikienda pamoja zina kelele kiasi kile.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane, sauti ya Kamanda ikajaa ukumbi mzima kwenye vipaza sauti.

"Zoezi, zoezi, zoezi. Boti tatu zimeizunguka meli. Waigizaji wameona pande zote kuna bunduki, wameweka silaha chini bila risasi hata moja. Mmoja wao analia, amelipokea jukumu kwa moyo wote." Akakohoa. "Mabaharia wametoka, kumi na wanane. Wawili wamezirai kwa joto, wameshazinduka. Mpishi anaomba maji. Injinia anasema aliye zamu aambiwe kwamba mlango ulibakiza unene wa kidole."

Wageni wakasimama, makofi yakatikisa glasi. Yule mwenye daftari tu ndiye aliyeandika kwamba mambo ni mazuri, ila mabaharia wametia chumvi. Kengele alikuwa ameinamia meza, kichwa juu ya mikono, na aliyepita akadhani amesinzia.

Siri ilitoboka saa kumi na mbili na nusu. Wanaume sita walioungua jua, midomo imekauka, waliingia ukumbini na bunduki za mbao mabegani. Kiongozi wao akawatazama wageni mmoja mmoja.

"Tumesubiri kutwa nzima," alisema. "Hivi nyinyi mnatukamata au hamtukamati?"

Kitochi cha Mkurugenzi kikapanda taratibu kikaenda kutulia darini.

Nchi tisa zilikaa kikao siku tano. Siku mbili za kwanza kila nchi ililalamika kwamba boti zilitumika bila kibali. Siku ya tatu habari ikatoka kwenye magazeti kwamba mabaharia wote wako hai, na kuanzia hapo kila nchi ilikuwa inathibitisha kwamba boti yake ndiyo iliyowahi. Ikaonekana pia jambo ambalo halikuwahi kutokea: mahakama ilipokea jalada kamili. Kwa kuwa wote waliamini ni zoezi, au walijifanya hivyo, kila fomu ilijazwa, kila bunduki ilipigwa picha, kila shahidi alitia saini mahali pa saini. Hakimu aliuliza kwa mshangao ni nani aliyewafundisha watu hawa kazi.

Taarifa ya mwisho ya kikao iliweka takwimu mbili sambamba. Mwitikio katika tukio la kweli lililopita: siku tatu, bila mafanikio. Mwitikio katika zoezi: saa tatu na dakika arobaini na nane, kwa mafanikio makubwa. Wajumbe walizitafakari kwa kina, wakahitimisha kwamba mazoezi yaongezwe. Kengele aliandikiwa barua ya onyo kwa kutumia fomu isiyostahili.

Wakili alimletea barua hiyo mwenyewe, pamoja na nakala ya mkataba iliyorekebishwa. "Saini hapa kwamba umeonywa," alisema. "Halafu ukipata nafasi, soma kiambatisho cha saba, kifungu cha nne. Wamekisaini wote tisa. Hakuna aliyekisoma, maana kinahusu mazoezi."

Kifungu kilikuwa cha mistari miwili. *Ili kuimarisha utayari, afisa wa zamu anaweza kuitisha zoezi la kushtukiza siku yoyote, saa yoyote, mahali popote baharini, na vibali vyote vya zoezi vitahesabika kuwa vimetolewa.*

Kengele alikisoma mara tatu. "Wakili..."

"Usiniambie kitu, binti," alisema mzee, akifunika kalamu yake ya kijani. "Nisije nikakijua."

Nyumbani, Baba alivaa miwani akaisoma barua ya onyo mwanzo hadi mwisho, pamoja na muhuri. Mama alikuwa anaondoa vyombo mezani, akajifanya hasikilizi.

"Walikaa gizani muda gani?" Baba aliuliza.

"Dakika arobaini na tisa."

"Nani aliwaambia boti inakuja?"

"Mimi."

"Na ikaja."

"Ikaja, Baba."

Akaikunja barua mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaenda kulala. Asubuhi Mama, akimimina chai, alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari kwamba mzee amelala na viatu kama kawaida, ila kamba hazikuwa zimefungwa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, bendera zikiwa bado na joto la pasi, simu ya zamu ililia. Kengele alisikiliza, akaandika namba, akauliza mko wangapi. Mkurugenzi akatoka ofisini kwake mbio, tai begani.

"Kengele! Ni kweli au ni zoezi?"

"Zoezi, Mzee," alijibu, vidole vyake vimeshatuma.

"Afadhali," alisema Mkurugenzi, akishusha pumzi na kujifuta jasho. "Ingekuwa kweli, boti tungepata wapi?"